Tippu Tip na riale za Unguja

Hamed bin Muhammed, ule Tippu Tip wa Kasongo yetu, alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Mtaji alikopeshwa na Taria Topan, tajiri Muhindi. Huku Maniema alitafuta pembe za ndovu. Watu, wengi watumwa, walizibeba ku mabega mpaka pwani. Kule bei ilihesabiwa kwa riale, feza yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, aliyekufa 1780. Moja ilikuwa na uzito wa gramu 28. Huku zilifika nguo, shanga na bunduki. Mwaka 1887 Léopold II alimufanya gavana wa Stanley Falls. Aliondoka 1890, akafa Unguja 1905, tajiri wa mashamba. Sisi leo tunachimba kasiterite na zahabu. Tuulize: feza yake inalala wapi?