Melvin Calvin: Mwanakemia aliyefuata nyayo za kaboni ndani ya jani

DUKA dogo la vyakula mjini Detroit, Marekani, ndilo lililomfungulia Melvin Calvin mlango wa sayansi. Wazazi wake, Wayahudi waliohama kutoka milki ya Urusi, walilitegemea duka hilo kwa riziki. Kijana wao alizitazama bidhaa zilizopangwa humo, akatambua kwamba karibu kila kitu, kuanzia chakula hadi karatasi ya kufungia, kilihusu kemia. Akaazimia kuwa mwanakemia.

Alikuwa amezaliwa Aprili 8, 1911 mjini St Paul, jimbo la Minnesota. Alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1931, ya uzamifu 1935, kisha akavuka bahari hadi Manchester, Uingereza, kufanya utafiti chini ya Michael Polanyi. Mnamo 1937 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, na hakukihama tena. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alishiriki katika mradi wa bomu la atomiki, akitafuta mbinu za kutenganisha plutoniamu na uraniamu.

Vita vilipomalizika mwaka wa 1945, Ernest Lawrence, aliyeongoza maabara ya nururishi chuoni humo, alimhimiza aitafutie kaboni-14 matumizi ya manufaa. Kaboni hiyo, ambayo hutoa miale na hivyo huweza kufuatiliwa popote iendapo, iligunduliwa papo hapo Berkeley mwaka wa 1940 na Martin Kamen na Samuel Ruben. Wawili hao walikusudia kuitumia kuchunguza usanisinuru, lakini hawakujaliwa. Ruben aliuawa mwaka wa 1943 na gesi ya sumu aliyoifanyia utafiti wa kivita, naye Kamen alifutwa kazi 1944 kwa kushukiwa kuwa hatari kwa usalama wa taifa. Calvin, kwa hiyo, alikabidhiwa shamba lililokwisha kulimwa na wengine.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitaja. Jani huvuta hewa ya kaboni-dayoksaidi, na mwishowe hutoa sukari na wanga. Yaliyotukia katikati hayakuwa yamejulikana.

Mwaka wa 1946 Calvin alimwita Andrew Benson, mwanakemia kijana aliyewahi kufanya kazi na Ruben. Benson ndiye aliyeipanga maabara na kubuni chombo bapa cha kioo ambamo mwani mdogo wa kijani ulielea majini, ukiangazwa na taa pande zote mbili. Kaboni-14 ilitiwa ndani, na baada ya muda uliopimwa mfereji ulifunguliwa, mwani ukaangukia katika pombe ya moto na kufa papo hapo. Maji yake yalitonwa kwenye kona ya karatasi inayonyonya, yakasambazwa kwa viyeyushi, kisha karatasi hiyo ikabanwa kwenye filamu ya eksirei. Madoa meusi yalijitokeza. Kila doa lilikuwa kemikali iliyomeza ile kaboni, na kila moja lilihitaji kutambuliwa. Kazi hiyo iliwachukua miaka mingi.

Muda ulipofupishwa hadi sekunde chache tu, doa moja lilitawala: asidi ya fosfogliseriki, yenye kaboni tatu. Ilidhaniwa basi kwamba kaboni moja ya hewani hujiunga na kitu chenye kaboni mbili, nao wakakisaka bila mafanikio. Hesabu haikuwa hiyo. Kipokezi kilikuwa sukari yenye kaboni tano, ribulosi, aliyoitambua Benson. Tano na moja ni sita, na sita hukatika vipande viwili vya tatu tatu. Calvin alisimulia baadaye kwamba picha ya mzunguko mzima ilimjia akiwa ameketi garini, akimsubiri mkewe.

Kimeng'enya kinachoifunga kaboni kwenye sukari hiyo kilijitokeza katika majaribio ya kundi hilo mwaka wa 1954. Kilikuja kubainika kuwa ndiyo protini ambayo Sam Wildman alikuwa ameiona ikijaa tele katika majani mnamo 1947. Jina lake la leo, rubisko, lilibuniwa mwaka wa 1979 kama mzaha. Ni mtumishi goigoi ajabu: hufunga kaboni chache tu kwa sekunde, na mara kwa mara hukosea akanasa oksijeni badala yake, hasara inayozidi kunapokuwa na joto. Mmea hufidia kwa kukitengeneza kwa wingi, hata kikaweza kufikia nusu ya protini inayoyeyuka katika jani. Maharagwe na ngano huumia kwa kosa hilo. Mahindi na miwa yana njia ya kukirundikia kimeng'enya hicho kaboni, jambo ambalo mwani wa Berkeley usingeweza kulifichua.

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1961 alipewa Calvin peke yake. Benson alikuwa ameondoka tangu 1954, baada ya Calvin kumwambia wakati wake umefika. Katika tawasifu aliyoichapisha mwaka wa 1992, Calvin aliisimulia kazi hiyo bila kumtaja Benson. Hakuna anayekana kwamba alikuwa kiongozi hodari, mwepesi wa kuuliza maswali na kuwakutanisha wataalamu wa fani mbalimbali chini ya paa moja. Hata hivyo, kimya hicho ni vigumu kukitetea.

Uhaba wa mafuta wa 1973 ulimrejesha kwenye mimea kwa shabaha nyingine. Aliamini mafuta yangeweza kukamuliwa kutoka kwa mimea yenye utomvu mweupe, na miongoni mwa aliyoichunguza ni mnyaa, ule ambao wanavijiji wengi wa Kenya huupanda kuwa ua. Bei ya mafuta ilipoporomoka katika miaka ya 1980, wazo hilo lilipoteza wateja.

Calvin alifariki Berkeley mnamo Januari 8, 1997, akiwa na umri wa miaka 85. Benson alimpita kwa miaka 18. Alifariki Januari 2015 akiwa na miaka 97, wakati ambapo vitabu vingi vilikuwa vimeanza kuuita mzunguko huo kwa majina yao wote wawili.