Michael Faraday: Mwana wa Mhunzi na Tiba ya Kiharusi

Baadhi ya watu wanaonusurika kiharusi, Machakos na kwingineko, husalia na mkono uliokakamaa: kiwiko kimekunjika, vidole vimejifumba. Ubongo uliojeruhiwa hushindwa kuilegeza misuli. Miongoni mwa tiba zinazochunguzwa ni kuuchochea ubongo kwa sumaku bila kupasua kichwa. Asili yake ni kazi ya mtu aliyeacha shule angali mtoto.

Michael Faraday alizaliwa London tarehe 22 Septemba 1791, mwana wa mhunzi fukara. Mwaka 1805 alitiwa uanagenzini kwa mjalidi wa vitabu, akawa anavisoma vitabu alivyovijalidi. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy, akaiandika, akaijalidi na kumpelekea mwenyewe. Mwaka uliofuata Davy alimwajiri kuwa msaidizi wake.

Mnamo Agosti 1831 Faraday alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana. Kila alipouwasha au kuuzima umeme katika waya wa kwanza, mkondo wa muda mfupi ulipita katika wa pili. Hivyo ikabainika kwamba nguvu ya sumaku inayobadilika huzaa umeme.

Hisabati ya juu hakuijua, na mengi aliyoyavumbua hayakuwa na majina. Hakuona haya kumwandikia msomi William Whewell wa Cambridge kumwomba maneno. Ndipo mwaka 1834 yakaingia anodi, kathodi na ioni.

Uzeeni kumbukumbu zilimtoka. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Mwaka 1985, mjini Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliweka koili juu ya kichwa cha mtu. Mpwito wa sumaku ulipenya fuvu, ukazaa umeme ubongoni, na misuli ya mkono ikashtuka. Kwa wagonjwa wa kiharusi mipwito hiyo hurudiwarudiwa ili kurejesha mizani baina ya pande mbili za ubongo. Matokeo ya utafiti yangali yanatofautiana, na mazoezi ya viungo ndiyo nguzo ya matibabu.

Katika shule za sekondari za Machakos kanuni ya Faraday hufundishwa kwa Kiingereza. Mgonjwa, naye, huuliza kwa Kikamba au Kiswahili kwa nini mkono wake haufunguki. Kumjibu kwahitaji istilahi atakazozielewa. Kazi aliyoifanya Faraday ina warithi wengi. Ile ya Whewell, katika Kiswahili, ingali inawasubiri wake.