TAFAKURI YA LEO, RAMADHANI 20: Abubakar (r.a.) na mpwa wake



Ndugu zangu wafungaji, ukoo mkubwa ni neema, na ni mtihani pia. Watu wakiwa wengi hakosekani aliyekopa asirudishe, wala aliyesema neno likachoma. Leo tumtazame Abubakar As-Siddiq (r.a.).

Nyumbani kwake imani haikuingia siku moja. Mama yake, Ummul Khayr, alisilimu mapema kule Makka. Mwanawe Abdurrahman, kinyume chake, siku ya Badr alikuwa upande wa makureishi, akaja kusilimu baadaye. Baba yake, mzee Abu Quhafa, alikawia karibu miaka 20.

Katika ukoo huo alikuwemo Mistah bin Uthatha. Mama yake Mistah na Abubakar ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, kwa hiyo kwa hesabu zetu Mistah ni mpwa wake. Alikuwa muhajiri, alipigana Badr, lakini hali yake ilikuwa duni. Abubakar ndiye aliyekuwa akimpa matumizi.

Kisha Madina ukazuka uzushi dhidi ya Bi Aisha (r.a.), binti yake Abubakar. Yule binti akaugua, akarudi kwa wazazi wake, akalia usiku na mchana. Na miongoni mwa waliolieneza neno lile, kumbe alikuwemo Mistah! Anakula kwa mkono wa Abubakar, na anamchafua mwanawe.

Allah akamtakasa Bi Aisha kwa aya za Surat An-Nur. Hapo Abubakar akaapa kwamba Mistah hatapata tena kitu kwake. Nani kati yetu angemlaumu?

Lakini ikateremka aya ya 22 ya sura hiyo hiyo. Wenye uwezo wakakatazwa kuapa kuwanyima jamaa zao, masikini na wahajiri. Wakaamrishwa wasamehe, wakaulizwa kama wao wenyewe hawapendi Allah awasamehe. Abubakar akajibu kwamba anapenda. Akamrudishia Mistah matumizi yake, akaapa hatayakata kamwe.

Tuelewane hapa. Kosa halikuitwa jema, na imepokewa kuwa Mistah aliadhibiwa kwa kosa lile. Ila aya haikuweka sharti kwamba aje kwanza apige magoti. Udugu ukabaki udugu.

Na mzee Abu Quhafa je? Makka ilipofunguliwa, Ramadhani kama hii, mwaka wa 8 Hijria, Abubakar alimleta baba yake kwa Mtume (s.a.w.), mzee haoni, kichwa cheupe kwa mvi. Mtume akaona ingefaa mzee aachwe nyumbani, yeye ndiye amfuate. Siku ile mzee akasilimu. Abubakar alipofariki Madina mwaka wa 13 Hijria, baba yake alikuwa bado hai.

Sasa tujiulize. Yupo ndugu uliyemtoa kwenye orodha ya futari? Yupo uliyekuwa ukimsaidia ada ya watoto, ukakata kwa hasira? Hebu leo, kabla ya adhana ya Magharibi, mpigie mmoja tu. Usianze na kesi ya zamani. Mjulie hali, mwalike. Usiku wa leo tunaingia kumi la mwisho, na sote tunaomba kusamehewa.

Allah atuunganishie koo zetu, azipokee funga zetu. Aamin.

Mtumie na ndugu yako.