Wan Laiming na nyani aliyeasi mbinguni

Wan Laiming alizaliwa Nanjing, China, mwaka 1900. Yeye na ndugu zake walijifunza wenyewe kutengeneza katuni, wakichora kila hatua kwa mkono, picha moja moja. Mwaka 1941, China ikiwa vitani na Japani, yeye na pacha wake Guchan walitoa Shanghai filamu ndefu ya kwanza ya katuni nchini humo, kutoka hadithi ya kale ya nyani Sun Wukong.

Bado alitaka kumwonyesha nyani huyo akimwasi mfalme wa mbinguni. Akangoja miaka 20. Sehemu ya kwanza ilitoka 1961, ya pili ikakamilika 1964. Mwaka 1966 yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, filamu ikafungiwa. Ilipofunguliwa, Wan alikuwa amevuka miaka 75. Alifariki 1997.