MUNKÁCSI, MWINDAJI WA MWENDO

Mpenzi msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilipokabidhiwa kamera ya chama siku ya michezo, mimi sikuinama. Nilisimama kando ya uwanja kama mlingoti wa bendera, nikifyatua ovyo ovyo. Picha zilipotoka, lo! Goli tupu, migongo ya wachezaji na vumbi. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Martin Munkácsi. Hebu nikusimulie habari zake.

Alizaliwa mwaka wa 1896 mjini Kolozsvár, ambao siku hizi huitwa Cluj-Napoca nchini Romania. Jamaa zake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Akiwa angali kijana alihamia Budapest, akawa mwandishi wa habari za michezo. Baadaye juu ya kalamu akaongeza kamera.

Sasa sikiliza. Kamera za miaka ya 1920 hazikuwa mchezo. Yake ilikuwa kubwa, nzito, na ilitumia mabamba ya kioo. Bamba moja, picha moja, basi. Ukichelewa, mpira umekwisha kuingia wavuni, na huwezi kumwomba kipa aruke tena. Kwa hivyo ilimbidi aujue mchezo wenyewe kwanza, abashiri mpira utakwenda wapi, kisha afyatue wakati ule ule. Wengine waliridhika na timu iliyopangwa mstari, mikono kifuani. Yeye alitaka kipa akiwa hewani na pikipiki ikipasua maji. Huo ndio uliokuwa mtindo wake, na ndio uliomlisha. Kufikia mwaka wa 1928 alikuwa Berlin, akilifanyia kazi gazeti kubwa la picha, Berliner Illustrirte Zeitung.

Kazi ilimfikisha hata Afrika. Picha yake ya wavulana watatu wakiyakimbilia mawimbi, ya kama mwaka wa 1930, hujulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wasemao kuwa ilipigwa Liberia. Wavulana hao tunawaona kwa nyuma tu. Nyuso hatuzioni, lakini furaha twaiona! Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipoitazama, ndipo alipoamua kushika kamera kwa dhati. Kumbe migongo si kosa. Ile niliyoipiga mimi haikuwa na la kusema tu.

Mwaka wa 1933 Wanazi walitwaa serikali Ujerumani. Mwaka huo huo, akiwa ziarani Marekani, Munkácsi alipewa kazi na Carmel Snow wa jarida la mitindo la Harper's Bazaar. Zamani hizo wanamitindo walisimama kimya ndani ya studio kama sanamu. Yeye akampeleka Lucile Brokaw ufuoni, siku ya baridi, akiwa na vazi la kuogelea. Kiingereza hakukijua, akatumia ishara za mikono: kimbia! Picha ilitoka mwezi wa Desemba, na mitindo ya uwanjani ikaingia katika biashara ya nguo. Mwaka wa 1934 alihamia New York, akawa miongoni mwa wapigapicha waliolipwa pesa nyingi kabisa.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Mwaka wa 1943 alishikwa na ugonjwa wa moyo, na kazi zikaanza kupungua. Alifariki New York mwezi wa Julai 1963, alipokwenda kutazama kandanda, mchezo ule ule uliomkuza. Alikufa maskini. Picha zake zilipopelekwa kwenye vyuo na majumba ya makumbusho, zilikataliwa, zikatawanyika. Miaka mingi ikapita, hata mwaka wa 2007 maelfu ya mabamba yake ya kioo yakapata makao katika kituo cha upigaji picha huko New York.

Msomaji mwenzangu, mimi nimejifunza mambo mawili. Kwanza, mtindo wako hautoki dukani pamoja na kamera; unatokana na kile unachokijua na kukipenda kuliko wengine. Pili, kazi nzuri isipotunzwa yaweza kupotea, hata iwe ya bingwa. Kwa hivyo siku ya michezo ijayo usinitafute kando ya uwanja. Nitakuwa nimepiga magoti nyuma ya goli, na picha zangu nitaziandika majina na tarehe, niziweke pakavu.

Nakomea hapo. Kwaheri ya kuonana!