Daktari Adrian Atiman, Mgeni Aliyepewa Jembe

Ndugu Wakristo, na ninyi walimu mnaowafundisha watoto wetu, siku za jubilei ni siku za kuhesabu neema. Twahesabu ubatizo, twahesabu ndoa, twahesabu makanisa yaliyojengwa na mapadre waliozaliwa katika nyumba zetu. Lakini iko neema moja isiyoandikwa katika vitabu vya parokia. Ni neema ya mtu aliyekuja mgeni, hana ndugu wala shamba, akaketi katikati ya Wakristo, na baada ya siku akaona moyoni kwamba amefika kwao.

Ili tuifahamu neema hii, nimeona vema kuwaeleza maisha ya mtu mmoja. Mtu huyu hakuwa Msukuma, wala hakuja kukaa kwetu Zagayu. Alikuwa katekista na daktari wa misioni ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Jina lake ni Adrian Atiman. Hata leo hospitali ya Kanisa katika mji wa Sumbawanga yaitwa kwa jina lake, na wagonjwa hulitaja kila siku. Lakini wengi walitajao hawajui kwamba mtu huyu alizaliwa mbali sana na Tanganyika, wala hawajui kwamba alipokuwa mtoto aliuzwa kama mbuzi wa mnada.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo Mali siku hizi. Alikuwa angali mtoto alipokamatwa na Watuareg, watu wa jangwani waliokuwa wakifanya biashara ya watumwa. Wakamtenga na baba yake na mama yake, wakamvusha jangwa la Sahara. Safari ile hata leo ni ya kutisha. Tangu Timbuktu hata Metlili, katika nchi ya Algeria, ni mbali kupita Mwanza hata Dar es Salaam. Na njia yenyewe ni mchanga na mawe, na visima ni vichache. Watumwa wengi walikufa njiani kwa kiu. Mtoto Atiman hakufa. Mungu alikuwa na kazi naye.

Mwaka 1876, katika mji wa Metlili, Mapadre Weupe walimwona, wakamkomboa kwa fedha. Shirika lao lilikuwa changa, kwa maana lilianzishwa huko Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Basi Atiman akawa na watoto wengine waliokombolewa kama yeye, waliotoka katika makabila mengi ya ndani ya Afrika. Akalishwa, akavikwa, akafundishwa kusoma na kuandika. Akafundishwa dini, akabatizwa, akaitwa Adrian. Lakini jina la kwao hakuliacha. Aliitwa Atiman hata siku ya kufa kwake.

Hapa, ndugu wasomaji, tusimame kidogo. Mtoto aliyekombolewa ni mtoto wa kuhurumiwa, na huruma ni jambo jema. Lakini huruma peke yake haimfanyi mtu kuwa mwenyeji. Mzee mwenye nyumba akimwonea mgeni huruma miaka kumi, akamlisha kila siku asimpe kazi wala asimwulize shauri, mgeni yule atabaki mgeni miaka kumi. Wahenga waliyajua haya, ndiyo maana walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Wengi hudhani kwamba methali hiyo ni ya kumchoka mgeni. Mimi naona ina upande mwingine. Jembe ni ishara kwamba shamba limekuwa lake pia.

Kardinali Lavigerie aliwapa vijana wale jembe. Aliona kwamba wamisionari waliotumwa katikati ya Afrika walikufa upesi kwa homa, na ya kwamba waganga kutoka Ulaya walikuwa wachache. Akawaza ya kuwa Waafrika waliosomea udaktari wangeweza kwenda pamoja na mapadre, wakaoa, wakakaa kati ya watu kwa desturi za watu, wakaponya mwili na kufundisha roho. Akawaita makatekista waganga. Mwaka 1881 akafungua nyumba ya mafundisho katika kisiwa cha Malta, kisiwa kidogo katika bahari iliyo kati ya Afrika na Ulaya. Vijana waliochaguliwa wakapelekwa huko, Atiman akiwa mmoja wao. Akajifunza udaktari hata mwaka 1888.

Mwaka huo 1888 ndio mwaka ambao Kardinali Lavigerie alizunguka katika miji mikubwa ya Ulaya, akiwahubiri watu wa mataifa juu ya uovu wa biashara ya watumwa. Na mwaka huo huo Atiman, mtumwa wa zamani, akashika njia ya kurudi Afrika. Lakini hakupelekwa kwao, mtoni Niger. Njia ya kufika Timbuktu ilikuwa bado imefungwa. Wamisionari waliojaribu kuvuka Sahara mwaka 1876, na tena mwaka 1881, waliuawa jangwani. Atiman alitumwa Afrika ya mashariki, katika nchi asiyoijua na kwa watu ambao hakuzijua lugha zao. Akashuka pwani, akaenda bara kwa miguu pamoja na msafara wa wamisionari, akafika Karema mwanzo wa mwaka 1889.

Karema ilikuwa mahali pa namna gani? Zamani ilikuwa boma la Wabelgiji, lililojengwa mwaka 1879. Mwaka 1885 Wabelgiji wakawaachia Mapadre Weupe, na boma likawa misioni. Kuzunguka boma lile walikaa Wabende na wenyeji wengine wa nchi. Ndani yake na kando yake walikaa watu waliokimbia vita, na yatima, na wale waliokombolewa katika misafara ya watumwa iliyovuka ziwa. Huyu alikuwa wa kabila hili, yule wa lile. Wengine walichukuliwa wangali wadogo hata hawakuweza kusema kijiji chao kiko upande gani wa jua.

Basi parokia ya kwanza ya Karema ilikuwa parokia ya wageni. Wakristo wengi wa pale wasingeweza kumwambia mwenzao kwamba hapa ni kwetu, wewe huna mahali. Waliokuwa wakikutana mbele ya altare hawakuunganishwa na ukoo, kwa maana wengi ukoo wao ulikuwa umevunjwa. Waliunganishwa na ubatizo mmoja. Na Atiman, alipoingia katikati yao, alikuwa mmoja wao kabisa. Mtoto aliyekombolewa njiani alitibiwa na daktari aliyekuwa amekombolewa vile vile. Sidhani kwamba kulikuwa na mganga mwingine katika nchi nzima aliyeweza kuufahamu woga wa mtoto yule kama yeye.

Atiman akaoa Karema. Mkewe aliitwa Agnes, binti wa mtemi wa Wabende. Tafakarini jambo hili. Mtu aliyeuzwa sokoni, asiye na baba wala mjomba wa kumsemea, amepewa binti ya mtemi. Hivyo mgeni akapata wakwe na mashemeji, naye akahesabiwa kati ya watu wa nchi. Mungu akawajalia mwana, Joseph, ambaye alijifunza seminarini akapata upadre mwaka 1923. Mtoto wa mtumwa wa zamani akasimama altareni akitoa Sadaka Takatifu.

Juu ya kazi yake, ni vigumu kuieleza yote, kwa sababu ilichukua miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Miaka ya kwanza nchi haikuwa na amani, na majeruhi walikuwa wengi. Baadaye yakaja maradhi. Ndui ilipita, na mwanzo wa karne iliyopita ugonjwa wa malale ukashuka katika pwani za Ziwa Tanganyika ukaua watu wengi. Daktari hakuwa na mashine, na dawa za Ulaya zilichukua miezi kufika. Kwa hiyo hakudharau elimu ya wazee wa nchi. Alijifunza miti na mizizi yao, akaitumia ile aliyoiona kuwa na faida pamoja na elimu aliyoipata Malta. Hivyo yeye mwenyewe alikubali kufundishwa na wale aliotumwa kuwasaidia. Hili nalo ni sehemu ya kupata kwao: mtu anayejua yote na asiyeuliza neno kwa wenyeji hawezi kuwa mwenyeji kamwe.

Wala hakusahau kwamba alikuwa katekista. Mgonjwa alipewa dawa, na pamoja na dawa alipewa neno la Mungu. Katika vikarieti ile aliwaona maaskofu wakija na kupita. Kati yao ni Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeiongoza tangu mwaka 1891 hata alipokufa mwaka 1917. Akaona serikali ya Wadachi ikisimama na kuanguka, akaona serikali ya Waingereza ikishika mahali pake. Wamisionari wakaja wakafa, watawala wakabadilika, Daktari Atiman akabaki pale pale. Alipokuwa mzee alipewa nishani za heshima, na maisha yake aliyoyaeleza mwenyewe yalichapishwa katika gazeti la elimu la Tanganyika mwaka 1946. Akafa Karema mwaka 1956. Alikuwa amekaa pale miaka 67.

Mwaka ule ule 1956, ndugu zangu, jimbo letu lilifanywa jimbo kamili. Mzee yule alipokuwa akiimaliza kazi yake kando ya Ziwa Tanganyika, Kanisa la Usukuma upande huu wetu lilikuwa likipewa jembe lake. Tena mbegu ya kwanza ya dini katika Usukuma haikuwa mbali na ile ya Karema. Wamisionari waliofungua Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, walikuwa wa shirika lile lile, na walikuja na watoto waliokombolewa. Kwa hiyo hata mlango wa kwanza wa Kanisa kwetu ulifunguliwa na wageni pamoja na yatima. Asiwepo kati yetu mtu wa kujivuna kwamba yeye ni mwenye nyumba tangu mwanzo.

Sasa nawaomba tutazame hali yetu wenyewe. Tangu miaka ya 1970 ndugu zetu wengi wameondoka katika nchi hii pamoja na ng'ombe zao, wakifuata malisho na mashamba. Wamefika Rukwa, wamefika na nchi ya Katavi, ambako ndiko Karema iliko. Leo Msukuma aliyetoka pande za Bariadi huweza kupiga magoti katika parokia ambazo mbegu yake ilipandwa na watu wa Karema. Huko yeye ndiye mgeni. Twatamani apokeweje? Twatamani aachwe kando ya mlango kwa kuwa lafudhi yake si ya pale? Au twatamani apewe mahali katika jumuiya, apewe wimbo wa kuimba na zamu ya kufagia kanisa?

Nasi huku Zagayu twapokea wageni. Yuko mwalimu aliyehamishiwa shule ya kijiji, mgeni wa lugha yetu. Yuko mjane aliyerudi kwa ndugu wa mbali. Yuko kijana aliyekuja kutafuta kibarua katika mashamba ya pamba. Kuwaamkia baada ya Misa ni vema, nasi twafanya hivyo. Watu wetu si wachoyo wa salamu. Lakini mimi mwandishi wa habari hizi naungama kwamba niliwahi kumwamkia mgeni mmoja kila Dominika kwa muda wa mwaka mzima, nisimwulize hata mara moja anajua kazi gani. Alipohama ndipo nikaambiwa kwamba kule alikotoka alikuwa mwalimu wa kwaya. Sisi tulikuwa tukiimba vibaya, naye alikuwa ameketi nyuma akisikiliza. Salamu zangu zilikuwa nyingi, jembe sikumpa.

Hili ndilo fundisho la maisha ya Daktari Adrian Atiman, na kwa ajili yake nimeyaandika. Alikombolewa kwa fedha, lakini fedha haikumpa kwao. Alipewa chakula na nguo, navyo havikutosha. Alipata kwao siku alipoaminiwa na kazi, akakubali kuifanya, akakaa. Na aliyepokewa akawa mpokeaji. Katika miaka 67 hatuwezi kuhesabu wangapi walifika mlangoni pake wakiwa hawana mtu, wakaondoka wakiwa na mtu.

Walimu, wasimulieni watoto habari hizi, hasa watoto wanaoketi peke yao. Wazee wa jumuiya, mgeni akija Dominika hii mwulizeni jina lake, na Dominika ijayo mwulizeni anaweza nini. Mungu aliyemvusha mtoto mmoja katika jangwa la Sahara akamfikisha Karema, ndiye anayewaleta hao mlangoni petu.