Salme wa Zanzibar: binti wa sultani aliyepoteza nchi yake kwa ajili ya mapendo

Katika familia nyingi za Butembo na Beni, kijana akileta nyumbani habari ya uchumba, maswali hutangulia pongezi. Huyo ni wa ukoo gani? Anasali wapi? Baba yake anafanya kazi gani? Mbuzi wa mahari watatoka wapi? Kijana aliyekimbia vita upande wa Beni na kufika Butembo mikono mitupu anayajua maswali hayo vizuri, hasa akimpenda binti wa mfanyabiashara mkubwa.

Maswali ya namna hiyo yaliwahi kumfukuza binti wa mfalme katika nchi yake. Jina lake lilikuwa Salme binti Said, na nchi yake ilikuwa Zanzibar, kisiwa ambako ilianzia misafara iliyoleta Kiswahili hadi mashariki mwa Congo. Alimpenda mwanaume ambaye hakuruhusiwa kumpenda, akamfuata, na kwa miaka zaidi ya 57 iliyobaki ya maisha yake hakupata tena kuishi kisiwani.

Mtoto wa jumba la Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, mtu aliyehamishia makao yake Afrika na kuijaza Unguja na Pemba mashamba ya karafuu. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi kutoka milima ya Kaukazi. Alitekwa vitani akiwa mtoto, akauzwa, na mwishowe akawa suria wa sultani.

Hapo ndipo penye jambo la kuangalia kwa makini. Sultani aliweza kuzaa na mwanamke aliyenunuliwa, na mtoto akahesabiwa mwungwana kamili, mwenye haki ya urithi. Hakuna aliyeshangaa, maana karibu wake zake wote wa nyumbani walikuwa masuria. Lakini kwa mabinti zake sheria iligeuka. Binti wa sultani aliolewa na mtu aliye kufu yake tu, yaani wa damu na heshima iliyo sawa, na kwa kawaida huyo alitoka katika jamaa ileile. Wengi wa dada zake Salme walizeeka bila kuolewa kwa sababu aliyewafaa hakupatikana.

Wasichana wa nyumba ya kifalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri. Alikuwa akichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, na kunakili herufi za Kurani mpaka mkono ukazoea. Ujuzi huo ndio uliomwingiza kwanza katika matatizo, na ndio uliokuja kulihifadhi jina lake.

Vita vya ndugu

Mwezi wa Oktoba 1856, Sayyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Alikuwa na watoto 36 walio hai. Mwanawe Thuwaini alibaki na Oman, na Majid akatawala Zanzibar. Salme, mwenye miaka 12, alihesabiwa mtu mzima na kupewa fungu lake la urithi pamoja na shamba.

Mwaka 1859 kipindupindu kilimchukua mama yake. Mwaka huohuo ndugu mwingine, Barghash, alijaribu kumpindua Majid. Salme alimpenda Majid, aliyekuwa amemlea kwa upole tangu alipokuwa na miaka saba, lakini dada yake Khole alimvuta upande wa Barghash. Kwa kuwa alikuwa mwanamke anayejua kuandika, akawa karani wa waasi akiwa na miaka 15. Barua za siri zilipita mikononi mwake.

Waingereza walimsaidia Majid, na uasi ukavunjwa. Barghash alipelekwa Bombay, India, kwa miaka miwili. Salme alikwenda kukaa shambani, kwanza Kizimbani, halafu Bububu. Baadaye alipatana na Majid na kurudi mjini. Majid alimsamehe, lakini Barghash na Khole walichukia upatanisho huo na hawakuusahau.

Jirani wa Hamburg

Nyumba aliyokaa mjini ilipakana na ya Mjerumani kijana, Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1839. Alikuwa mwakilishi wa biashara, mmoja wa wazungu waliofuata karafuu, pembe za ndovu na ngozi za Zanzibar. Dari za nyumba zilikuwa bapa na karibu karibu. Kutoka kwake juu, Salme aliona jinsi wageni walivyokula pamoja, wanaume na wanawake katika meza moja. Salamu zikawa mazungumzo, na mazungumzo yakawa mapendo.

Kwa watu wa Zanzibar, Ruete hakuwa kufu kwa njia yoyote. Hakuwa wa damu ya kifalme, hakuwa Mwarabu, na zaidi ya yote hakuwa Mwislamu. Sheria ya dini ilimkataza mwanamke Mwislamu kuolewa na mtu wa dini nyingine, na kwa binti wa sultani aibu ingeangukia ukoo mzima. Wafanyabiashara Wajerumani nao waliogopa, kwa kuwa kukosana na sultani kungeharibu shughuli zao zote.

Mwaka 1866 Salme alikuwa na mimba. Sasa hapakuwa na nafasi ya kungoja. Jaribio la kwanza la kutoroka lilishindikana. Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti, kwa msaada wa Waingereza waliokaa mjini, alishuka pwani na kupandishwa katika manowari ya Uingereza iitwayo Highflyer, iliyokuwa chini ya nahodha Pasley. Manowari ilimpeleka Aden. Nyuma yake aliacha mashamba, nyumba, ndugu na jina.

Ruete alibaki Zanzibar kufunga hesabu zake. Salme alimngoja karibu miezi tisa katika nyumba ya familia ya Kihispania aliyoifahamu. Mtoto wa kiume alizaliwa huko Aden mwezi wa Desemba. Tarehe 30 Mei 1867, Ruete alipofika, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyohiyo wakafunga ndoa. Walianza safari ya Ulaya mara moja. Mtoto wao hakufika. Alifariki njiani, nchini Ufaransa.

Riwaya za mapendo za Waingereza kuhusu mabinti wa wakubwa kwa kawaida hukoma siku ya harusi. Kwa Salme, sehemu ngumu ilianzia hapo.

Mjane katika nchi ya baridi

Hamburg ilikuwa na majira ya baridi, milango iliyofungwa mchana, na macho ya watu waliotaka kumwona binti wa sultani kana kwamba ni kitu cha maonyesho. Alijifunza Kijerumani, kupika na kuvaa nguo za kubana. Alikuwa Mkristo kwa karatasi, lakini barua alizoandika baadaye zinaonyesha moyo uliogawanyika, usiojua tena uombe kwa lugha gani. Alizaa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwezi wa Aprili 1870.

Mwezi wa Agosti 1870, Heinrich Ruete aliangukia chini ya tramu ya kuvutwa na farasi. Alifariki tarehe 6 mwezi huo. Ndoa ilikuwa imedumu miaka mitatu na kidogo. Salme alikuwa na miaka 25, watoto watatu, na mdogo wao hajafikisha miezi minne.

Sheria ya Hamburg ilitaka wanaume wasimamie mali ya mjane na watoto wake, hivyo hata fedha kidogo iliyobaki haikuwa mikononi mwake. Miezi miwili baadaye habari nyingine ilifika kutoka Zanzibar. Majid, ndugu aliyeweza kumsamehe tena, amefariki. Aliyekalia kiti sasa alikuwa Barghash.

Salme alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akipunguza matumizi na kufundisha Kiarabu ili watoto wale. Kila mara alidai urithi wake, kwa kuwa ndugu kadhaa walikuwa wamekufa na kwa sheria alistahili fungu. Barghash hakujibu. Kwake, mwanamke aliyetoka katika dini alikuwa amejitoa katika urithi. Mwaka 1875 Barghash alipotembelea London, Salme alikwenda huko kumtafuta, lakini wakubwa Waingereza, ambao hawakutaka kumuudhi mgeni wao, walimshawishi asimwone.

Bendera juu ya machozi yake

Mwaka 1885 Ujerumani ilimkumbuka. Carl Peters alikuwa ametoka kutia saini mikataba na machifu wa bara la Tanzania ya leo, na Barghash aliipinga. Bismarck alituma manowari Zanzibar, na Salme pamoja na watoto wake wakapelekwa huko pia. Kama sultani angemgusa, Wajerumani wangepata sababu ya kupiga mizinga.

Baada ya miaka 19, Salme aliiona tena bandari ya utoto wake, safari hii akiwa katika meli ya kijeshi ya wageni. Watu wa kawaida walimfuata barabarani na kumsalimu kwa Kiswahili, jambo lililomkasirisha sana kaka yake. Barghash alikataa kumwona. Alipokubali matakwa ya Wajerumani kuhusu ardhi ya bara, serikali ya Berlin haikuwa na haja tena na madai ya mjane. Alirudishwa Ulaya bila urithi.

Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin kwa lugha ya Kijerumani. Mtoto aliyejifunza kuandika juu ya mfupa wa ngamia akawa mwanamke wa kwanza wa nyumba hiyo ya kifalme kuwaeleza wasomaji wa ulimwengu mambo ya ndani ya majumba ya Zanzibar: chakula, nguo, harusi, wivu wa masuria na vifo vya watoto. Mwaka 1888, Barghash alipofariki, alijaribu tena Zanzibar kwa sultani mpya, Khalifa. Alishindwa. Kisha aliishi miaka 25 hivi Jaffa na Beirut, mahali aliposikia tena adhana na Kiarabu, mpaka mwaka 1914, mwaka wa vita, aliporudi Ujerumani.

Jambo ambalo wasomaji wa Congo hawawezi kuliruka

Maisha ya Salme yanaleta huruma, lakini kitabu chake kina sura inayoumiza upande huu. Aliutetea utumwa. Aliandika kwamba wazungu hawauelewi, na alilaumu haraka ya Waingereza ya kuukomesha. Barghash mwenyewe alikuwa amelazimishwa mwaka 1873 kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Karafuu zilizolipia utoto wake zilichumwa na watumwa, na wengine kati yao walitoka Manyema na sehemu nyingine za mashariki mwa Congo. Misafara ya watu kama Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, ilifika Kasongo, mto Lualaba na hadi msitu wa Ituri, ikitafuta pembe na watu. Mwaka 1887 mfalme Leopold alimfanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Kiswahili cha zamani cha Congo kiliitwa Kingwana kwa sababu ya misafara hiyo. Jina hilo linatoka katika neno mwungwana, mtu asiye mtumwa.

Salme alivunja mpaka uliomzuia yeye, lakini mpaka uliowafunga watu waliomhudumia aliuona kuwa wa kawaida, ingawa mama yake mwenyewe aliuzwa akiwa mtoto. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake. Muda mfupi baadaye jina hilo liliondolewa kwa sababu ya yale aliyoandika kuhusu watumwa na Waafrika.

Mfuko wa mchanga

Salme alifariki kwa homa ya mapafu mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Majivu yake yalizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye kaburi la ukoo wa mume wake. Mwanawe Rudolph alikuja kuandika kitabu juu ya babu yake, Sayyid Said, kilichotoka mwaka 1929. Zanzibar nayo ilikuja kumpokea kwa njia yake: katika jumba la makumbusho la mji, ambalo zamani lilikuwa jumba la masultani, kilitengwa chumba cha kueleza maisha yake.

Alipofariki, katika vitu vyake walikuta mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa pwani ya Zanzibar. Alikuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo, na aliwekewa kaburini pamoja naye.